Bibi Kope na Dawa ya Damu

Watoto wa mtaa ule wakimwona kwa mbali walikuwa wanakimbia, na wala hakuwa mchapaji. Ila alikuwa na tabia moja. Akikukuta, salamu baadaye. Kwanza anakushika kidevu, anakuvuta kope la chini kwa kidole gumba, anachungulia wekundu uliomo, kisha anakuachia na hukumu yako: "Unayo damu," au, "Huna damu wewe, mwambie mama yako." Ndiyo maana wakamwita Bibi Kope, na mwenyewe akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, wa kujitolea, yaani kazi yote na malipo ni ahsante. Alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa turubai, na ndani ya mkoba mlikuwa na ule utepe wa kupimia mikono ya watoto, wenye rangi tatu: kijani mtoto mzima, njano jihadhari, nyekundu mbebe umkimbize hospitali. Alikuwa hodari, tumpe haki yake. Mimba ambazo waume wenyewe hawajaambiwa, yeye ameshazijua, na mwenye mimba ameshapewa vidonge vya chuma na kuonywa asiogope choo kikiwa cheusi, ndivyo chuma kilivyo. Mdomo nao alikuwa nao. Akikuta mtoto amekonda hamnong'onezi mama mtu pembeni. Atamsema pale pale mlangoni, majirani wasikie: wewe kucha unapaka rangi kila juma, mtoto anakula nini, mate? Wanawake wengi walilia mbele yake. Lakini watoto wao walipona, kwa hiyo wakamvumilia.

Sasa sikia. Binti yake, ndiye huyo huyo mmoja aliyejaliwa, alipata kazi kwenye kiwanda cha kushona nguo katika mji mwingine. Zamu ndefu, kulala bwenini na wenzake, mtoto haruhusiwi. Na mtoto alikuwa naye, wa kiume, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Akamwachisha ziwa harakaharaka akamleta kwa bibi yake. Ungempeleka kwa nani mwingine? Mwanamke aliyelea mtaa mzima atashindwa na mjukuu? Bibi Kope alimpokea kwa vigelegele. "Mume wangu amekuja," aliwatangazia majirani, kama bibi wanavyotaniana na wajukuu zao, na wallahi alimpenda mume huyo kuliko alivyompenda marehemu.

Ila mume alikuwa akishinda kwa jirani. Asubuhi bibi ana kikao cha kina mama, mchana ana nyumba za kupima, jioni ana mgonjwa wa kumsindikiza zahanati. Jirani mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, roho nzuri, wajukuu tele, na uji wake ulikuwa mwembamba ili uwafikie wote. Unga mweupe na maji, basi. Mtoto alikunywa akanyamaza. Mtoto akiwa kimya kila mtu anamsifu, hakuna anayejiuliza amenyamazishwa na nini. Miezi ikapita, mashavu yakaanza kujaa, miguu ikanona, na Bibi Kope akirudi jioni hoi anambeba na kuwaambia watu, mwoneni mume wangu alivyonenepa, ndoa imemkubali.

Hakumpima hata siku moja. Utepe uko mkobani, mkoba uko msumarini, mtoto yuko mapajani, na mkono haukunyooka kuuchukua. Nani anampima wa kwake? Kinyozi hajinyoi. Laiti angeubonyeza ule mguu kwa kidole, kama alivyobonyeza miguu ya watoto wa wenzake, angeona shimo linabaki, na angejua kwamba ule haukuwa unene, ni maji.

Aliyebonyeza ni binti yake. Alipata ruhusa ya siku chache, akaja na nguo mpya za mtoto, akaanza kumvisha. Kiatu hakikuingia. Akausukuma mguu, na vidole vyake vikaacha mashimo kama kwenye unga uliokandwa. Akamvua nguo zote. Nywele zilikuwa zimepauka na kulegea, ngozi ya mapajani inabanduka, na mtoto hata hakulia kwa kugeuzwageuzwa vile. Binti hakumwambia mama yake neno. Alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ya hospitali, na mama yake akamfuata nyuma anahema, mkoba begani, akijieleza njia nzima na hakuna aliyemwuliza.

Wodi ya lishe Bibi Kope aliijua kama jikoni kwake. Chumba kirefu, madirisha yamefungwa watoto wasipate baridi, harufu ya maziwa na sabuni ya sakafu. Siku zote aliingia humo kwa kishindo, mtoto wa mtu mkononi, mama mtu nyuma ameinamisha kichwa. Safari hii aliyeinama ni yeye. Na ulimwengu una vituko: kitanda cha pili alikuwepo mama kijana aliyesemwa mlangoni kwake wiki chache tu zilizopita, yule wa kucha. Yule mama akaitazama miguu ya mtoto, akamtazama bibi, akasogeza kiti chake ili wapite. Bora angetukana.

Mkuu wa wodi alikuwa muuguzi wa makamo ambaye kila mtu alimwita sista, mtu wa maneno machache. Akaeleza watakachofanya. Maziwa maalumu, kidogo kidogo kwa kikombe, usiku na mchana. Dawa ya kuua vidudu. Blanketi lisitoke. Bibi Kope alisikiliza akiitikia kwa kichwa kama vile yeye ndiye mkaguzi, kisha akamvuta mjukuu wake kope la chini. Kweupe pe.

"Na dawa ya damu je, sista?"

"Bado," sista akasema. "Chuma hatumpi sasa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ili umwelewe bibi huyu, hata kama humsamehe, lazima ujue neno hilo lilivyokuwa likitumika kule zahanati ya mtaani kwake. Dawa zilikuwa zikiisha, tena kwa majuma. Mganga mkuu wa zahanati akawakataza wahudumu kusema zimekwisha, kwa sababu watu wakisikia hivyo hawarudi tena hata zikija. Akawaambia semeni mtoto bado hajafikia kupewa. Nao wakasema. Bibi Kope alilisema miaka nenda miaka rudi, uso mkavu, kwa wanawake waliotembea juani na watoto migongoni. Kwa hiyo sista aliposema bado, Bibi Kope akajua mara moja kwamba kabati lao ni tupu na hapa anafanywa mjinga.

Akabisha. Sista, kwa kumheshimu mtu mzima, akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza taratibu. Kwamba damu ya mtoto imepungua, hilo naye analiona. Lakini chuma kikiingia mwilini kinataka protini ya kukibeba, na mtoto huyu protini hana, ndiyo maana amejaa maji. Tena ana vidudu, usidanganywe na kukosa homa, mwili uliochoka hivi hata homa unashindwa kuitoa. Sasa vidudu navyo vinaishi kwa chuma. Mwili unajua, ndiyo maana ini lake limetoa homoni ya kukifungia chuma ghalani, makusudi, visikipate. Homoni za kumkuza nazo zimepoa, maana mwili huu sasa haujengi chochote, unajitahidi usizimike tu. Tukimmiminia chuma leo kitazagaa kwenye damu, na tutakuwa tunawalisha maadui. Ngoja vidudu viishe, ngoja adai chakula mwenyewe, uzito uanze kupanda. Hapo atapewa.

Bibi Kope alicheka kwa pua. Homoni alizozijua yeye ni zile za sindano za uzazi wa mpango, na mjukuu wake hajafika huko. Sista alipoondoka akamgeukia binti yake: umesikia? Dawa imewaishia, wanatuletea hadithi za homoni.

"Labda anajua, mama," binti akasema.

Bibi akamwuliza ni watu wangapi yeye binti amewaona wakizikwa kwa kukosa damu. Hakuna? Basi yeye mama yake amewaona. Atoke nje ya geti, duka la dawa liko mkono wa kulia, aseme anataka ile ya maji, ya chuma, ya watoto. Binti alisimama kidogo akimwangalia mtoto. Kisha akaenda. Mama yako akishakwambia nenda, na ndiye aliyekulea, na ndiye anayejua mambo ya watoto kuliko mtaa mzima, utafanya nini? Unaenda.

Chupa ikakaa mkobani. Kila sista akigeukia vitanda vya mbele, Bibi Kope alijikunja juu ya mjukuu kama anayemfunika, na kijiko kikapita. Kijiko kizuri, cha kujaa, maana aliona mtoto amechelewa sana. Mama wa kitanda cha pili alimwona. Alishajifunza kutobishana na Bibi Kope, akageukia ukutani.

Siku ya kwanza bibi akasema, mnaona macho yanavyochangamka? Siku iliyofuata mtoto alikataa kikombe. Maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Mikono na miguu ikapoa, pumzi zikawa fupi na za haraka, na hata jina lake alipoitwa hakugeuka. Kesho yake sista akafungua nepi akakuta choo cheusi tititi, kinanata kama lami. Akaifunika, akaenda kumwita daktari, na kwa mara ya kwanza walimwona anakimbia.

Bibi Kope alijua. Humo wodini hakuna aliyejua upesi kama yeye. Wanawake wangapi amewaambia, usiogope, ni chuma kinatoka? Lakini daktari alikuja na uso uliokunjamana, akamgusa mtoto tumbo, akatazama nepi, akauliza swali moja, akiwatazama wote wawili, mama na bibi. Mtoto amepewa kitu chochote zaidi ya tunachompa sisi?

"Hajapewa kitu," Bibi Kope akasema.

Jibu lilitoka kabla hajaliwaza. Akina mama wa wodi nzima walikuwa wamekaa wima vitandani, na nusu yao walikuwa wameletwa humo naye mwenyewe kwa masimango. Na yule wa kitanda cha pili alikuwa macho. Bibi akajipa moyo kwamba dawa ya damu si sumu, kwa hiyo kuitaja au kutoitaja ni yale yale.

Daktari akashusha pumzi. Kama hajapewa kitu, alisema, basi anavuja damu tumboni. Maziwa yasimame. Itabidi aongezwe damu, na hapo pana hatari, maana moyo wa mtoto mwenye utapiamlo kama huu umechoka, ukiujazia damu unaweza kusimama. Lakini ikiwa anavuja hawana njia nyingine. Akamwambia binti ajiandae kupimwa, kama damu yake itafaa watamtoa.

Unaelewa kilichokuwa kinakwenda kutokea? Bibi Kope alielewa kila neno. Mtoto havuji. Wanakwenda kumtilia damu inayoweza kumwua, kwa sababu ya chupa iliyo mkobani mwake, na neno moja tu lingetosha. Akafungua mdomo. Akafumba. Akaangalia sakafu, akaona kwamba imefagiliwa vizuri.

Binti yake alikuwa anamtazama. Alimtazama mpaka daktari akaanza kugeuka kwenda. Ndipo binti akanyoosha mkono, akautoa mkoba begani mwa mama yake, akaufungua, akatoa chupa.

"Amepewa hii," alisema. "Nimempa mimi. Niliinunua nje."

Daktari alimsema pale pale, mbele ya watu wote. Unamwacha mtoto mpaka anavimba, unarudi na dawa zako za dukani, unatuficha, tulikuwa tunakwenda kumwongezea damu bure, ulitaka afe? Mwanamke gani wewe? Binti alisimama ameinamisha kichwa, mikono mbele, akasema samahani daktari, na akasema tena samahani. Sista aliutazama mkoba ulioachwa wazi kitandani. Aliufahamu mkoba huo. Hakuingilia.

Na Bibi Kope, jamani, Bibi Kope aliyewafokea wanawake wa mtaa mzima, alishika chuma cha kitanda akakaa kimya. Alijiambia, daktari akimaliza nitasema. Daktari akamaliza. Akajiambia, watu wakiacha kututazama nitasema. Watu wakaacha kutazama, wakarudia vikombe vyao. Aibu ilimchoma mpaka masikio, na hata hivyo hakusema.

Damu haikuongezwa. Walirudisha maziwa, wakambadilishia dawa ya vidudu kwa ya sindano, wakamweka karibu na meza ya sista. Ilikuwa vita. Kuna siku walidhani amekwenda, na binti akakaa chini sakafuni. Bibi Kope alimfuata sista kwenye karo la kunawia akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni ile dawa iliyomzidishia mtoto.

"Huenda," sista akasema. "Huenda pia vidudu vilikuwa vikali tangu alipokuja. Hilo hatutalijua." Akafunga bomba, akapangusa mikono. "Mkoba ni wako, bibi."

Ndiyo hivyo tu. Angemfokea, bibi angejitetea, angelia, wangemaliza. Lakini alimwachia huenda, na huenda haina wa kugombana naye.

Mtoto akageuka kwa kupona. Maji yakamtoka mwilini, na mume aliyenenepa akabaki mifupa, kijana wa kutisha, macho makubwa. Halafu siku moja akanyakua kikombe kutoka mkononi mwa mama yake. Sista alicheka kwa sauti, hawajawahi kumsikia. Akaanza kula, akaanza kugombania cha wenzake, uzito ukapanda, ndipo sista akaleta chuma, kutoka kwenye kabati lililokuwa limejaa tangu siku ya kwanza. Akamwonyesha binti kipimo, kidogo hivi, kila siku, baada ya chakula. Bibi Kope alisimama nyuma kidogo akinyoosha shingo. Hakuna aliyemwonyesha.

Tangu siku ile binti hakuwa amemkosea mama yake heshima. Shikamoo aliitoa kila asubuhi, chai alimpa wa kwanza, kiti akampisha. Alikuwa kama mkwe aliyekuja kutembea. Kwa majirani waliokuja kuwaona alisikia maneno yaliyokwisha kuenea mtaani, kwamba mtoto nusura auawe na mama yake mwenyewe kwa dawa za dukani, bahati bibi yake ni mtu wa afya. Aliyasikia, akamtazama mama yake. Bibi naye aliyasikia, akatia sukari kwenye chai.

Siku ya kuruhusiwa walitoka pamoja mpaka getini. Binti alikuwa amembeba mtoto kwa mbele, mkono wa pili kashika mfuko wa nguo. Bibi Kope akageuka upande wa nyumbani. Binti akabaki palepale. Akasema wanaondoka moja kwa moja. Amehama bwenini, amepanga chumba na mwenzake wa kiwandani anayepishana naye zamu, watamlea kwa kupokezana.

Bibi akapandisha sauti. Chumba cha kupanga? Wasichana wawili wanaoamka gizani? Nani atajua akivimba tena? Yeye sasa ameshafumbuka macho, mtoto hatampeleka kwa jirani tena, vikao ataviacha, atamlea mwenyewe kwa mikono yake. Akamkumbusha binti kwamba kukosea ni kwa kila mtu, na kwamba dawa ile alimtakia mtoto mema.

"Najua, mama," binti akasema. "Dawa niliinunua mimi, siwezi kukulaumu. Hata kuvimba sikulaumu, mimi ndiye niliyemwacha." Alimpandisha mtoto begani. "Ila niliposema nimempa mimi, nilijua utasema hapana. Nilikuwa na uhakika kabisa. Daktari ananitukana, mimi nakusubiri wewe. Na majirani walipokuja, nikakusubiri tena."

Alikuwa anasubiri hata pale, alionekana wazi, na macho yake hayakuwa ya hasira. Watu walipita kuingia na kutoka, na mtoto akanyoosha mkono kumshika bibi yake uso.

Bibi Kope alifungua mdomo.

"Mfunike kichwa," akasema. "Kuna upepo."

Binti akamfunika mtoto kichwa, akaondoka naye.